Bwana anakupiga na uko Lubumbashi: karatasi gani utafute, uanzie wapi

"Yaya, ile karatasi ya Zambia ya kumukataza bwana asifike ku nyumba, huku kwetu banaipataka wapi?"

Ile ulizo inanifikiaka kuliko zote. Na naelewa juu ya nini, hapa Lubumbashi nani hana ndugu Kitwe ao Ndola, nani hana dada ku Johannesburg, na kule banatuma vokale banaeleza: bibi anapigwa, anaenda ku tribinali, anajaza formilere, anatoka na karatasi yenye zuzi (hakimu) ametia sahihi. Zambia beko na sheria ya 2011 juu ya ile, Kenya ya 2015, Afrika ya Kusini tangu 1998. Zuzi anaandika mule: usimuguse, usifike fasi anafanyia kazi, usimutumie mesaji, saa ingine hata toka mu nyumba umuachie na batoto. Uzuri yake, bwana akiivunja, ile kuivunja yenyewe inakuwa kosa, hata kama siku ile hakuinua mukono. Afrika ya Kusini inakuyaka pamoja na manda ya kumukamata, iko tayari inangoja paka yeye akosee, unaipeleka ku polisi banamutafuta, na anaweza kula mupaka miaka 5 ya prizo.

Huku kwetu ile karatasi haiko.

Naisema mapema juu niliona mama mumoja alipanga mustari asubui nzima, anafika ku gishe analomba "ordonnance", ni jina ya amri ya zuzi lakini pia ya karatasi ya munganga ya kununua dawa, na yule karani akamuuliza kama anatafuta farmasi. Bantu bakacheka. Mama akarudia kwake, na mimi nikawaza alirudia ku nini.

Mu Kongo hakuna sheria moja yenye kuitwa ya kupigana mu nyumba. Lakini mutu asikudanganye sasa eti sheria haiko, vumilia. Iko, imetawanyika sawa bintu bya mutu anahama: kipande kimoja mu Kode penal (sheria ya makosa), kingine mu Kode ya famiye, kingine mu Katiba, kingine mu prosedire (sheria ya namna kesi inaendeshwa), na mu Septemba 2023 kode zenyewe zilibadilishwa tena upande wa violence juu ya bamama. Wewe njo unapashwa kubiokota kimoja kimoja mupaka bisimame mbele yako sawa lupango. Katiba ya 2006, artikle 14, inasema Leta (serikali) inapashwa kupiganisha violence juu ya bamama mu maisha ya inje na mu maisha ya ndani, kwa hiyo kama OPJ (polisi mwenye kuandika na kuchunguza kesi) anakujibu "ile ni mambo ya chumba", ni yeye njo hajasoma.

Mimi si avoka. Nilisindikiza mudogo yangu, nyuma majirani ba Katuba bakaanza kunipigia, na leo najua benchi za parke (biro ya prokirere, mwenye kushitaki bantu) kuliko za kanisa.

Mbele ya karatasi kuko usiku. Kama ni leo njo anakupiga usiwaze tribinali, waza mulango. Usikimbilie jikoni, kule kuko kisu na mafuta ya moto. Ongea na jirani mumoja, si batano, mupatane alama: mukisikia sufuria inaanguka ku mulango mukuye, ao muite polisi. Tengeneza sakosha kiloko: karte ya elektere juu huku njo kitambulisho chetu, akte ya ndoa, akte za kuzaliwa za batoto, dawa kama unakunywaka dawa za kila siku, franga kidogo, na namba za telefone umeziandika ku karatasi kwa sababu telefone njo kintu ya kwanza atavunja. Ile sakosha usiifiche mu nyumba, iweke kwa mutu yenye bwana hawezi kumuwaza. Na kama unakimbia, kimbia na batoto. Tena fungua WhatsApp yako uone kama kuko kompita ingine imeungwa, nilikuta mama mumoja bwana alikuwa anasoma mesaji yake yote na yeye alizania ni uchawi.

Sasa munganga. Kama damu inatoka, enda hospitali kwanza, Sendwe ao sentre ya afya ya karibu, mambo ya polisi itakuya nyuma. Kama unaweza kusimama, pitia kwanza polisi ao parke ulombe rekizisyo, ni karatasi yenye OPJ anaandikia munganga ili akupime. Setifika yenye inatokea ku rekizisyo inakuwa nzito ku meza ya zuzi kuliko ile ulijitafutia, lakini ile ulijitafutia inapita kukosa.

Mudogo yangu alifika kwangu saa saba ya usiku, kiatu kimoja, kitenge amekifunga ku kichwa sawa mutu anaenda kuchota mayi. Hakulia. Alilomba mayi ya kunywa akashindwa kuinywa juu mudomo ilivimba. Asubui ku hospitali munganga anamuuliza ni nini, na mbele nifungue kinywa mudogo anajibu: "Nilianguka ku ngazi." Mu nyumba yao hamuna hata ngazi moja. Munganga akaandika chute, ni kusema kuanguka. Ile neno moja ya herufi tano ilitusumbua miezi, juu avoka wa bwana aliishika sawa mfupa.

Kwa hiyo sema. Ni nani, alitumia nini, mukono ao mukaba ao chupa, saa ngapi, na kama si mara ya kwanza sema si mara ya kwanza. Kama alikufinya shingo sema hata kama alama haionekane, bwana mwenye anashika shingo ni hatari kuliko mwenye anapiga kofi, banganga banaijua ile. Munganga hakati kesi, anaandika. Tena umulombe aandike siku ngapi hautaweza kufanya kazi, juu pale njo sheria inabadilika: kupiga kwa kawaida, artikle 46 ya Kode penal, ni siku 8 mupaka miezi 6 ya prizo, lakini kama mapigo ilileta ugonjwa ao ilikuzuia kazi ao kiungo kimoja kimekufa kabisa, unaingia artikle 47, miaka 2 mupaka 5. Mudogo anashonaka. Kidole cha kushikia kitambaa kilivunjika, juma sita hakugusa mashini, na ile setifika ya kwanza haikusema kitu juu ya kidole. Tukaanza upya, munganga mwingine, kupita radio (foto ya mifupa), kulipa tena.

Piga foto mbili mbili, moja ya karibu na biki pembeni ili ukubwa ya kidonda ionekane, moja yenye uso inaonekana, kisha tumia mutu unamuamini juu yako inaweza kupotea. Mesaji zake za kukutisha usizifute hata kama zinakutia haya, kutisha mutu kumuua iko na artikle yake, 159. Nunua kaye ya masomo, ile ya bei ndogo, uandike tarehe na kilichotokea, mistari mbili inatosha. "12, Jumatano, alinivuta nywele mbele ya mutoto, mama wa jirani aliona." Ile kaye ilisaidia mudogo kuliko machozi, zuzi alikuwa anafunua ukurasa kwa ukurasa.

Kama alikulazimisha kulala naye, hii naisema hata kama kuko bakubwa watakasirika: artikle 170 ya Kode penal inaongea "mwanaume yeyote", haikuandika "isipokuwa bwana wake". Ni miaka 5 mupaka 20. Sitakudanganya, kuikubalisha mu tribinali juu ya bwana wa ndoa ni kupanda mulima, lakini mulango haukufungwa. Usioge, nguo usifue, zitie mu karatasi si mu sashe ya plastiki, na ufike kwa munganga mbele ya masaa 72 juu dawa ya kuzuia ukimwi nyuma ya pale haianzishwe tena. Ya kuzuia mimba inaenda mupaka siku 5 lakini kila saa inayopita inaipunguza nguvu. Sheria za Julai 2006 zinasema kwa kesi za namna hii OPJ anapashwa kujulisha parke mu masaa 24, uchunguzi usipite mwezi 1, hukumu mu miezi 3, na hakuna kumalizia na lamande (kulipa franga kesi ikafa). Katika maisha ile miezi inanyooka sana, kwa hiyo ni wewe na avoka mutakumbusha, kwa barua, na kopi yenye muhuri wa kupokelewa.

Kushitaki unaweza kufanyia ku komisaria yoyote, ao kwa kile kikosi cha polisi cha kulinda batoto na kuzuia violence, ao uandike barua moja kwa moja kwa prokirere. Mimi kwa sasa mama kama ana nguvu ya kungoja namupelekaka parke, juu ku komisaria ya kartie utakuta OPJ na bwana yako banakunywaka pamoja.

PV, ile karatasi OPJ anaandikia maneno yako, inaandikwa mu Kifaransa. Usitie sahihi ku kintu haujaelewa, Kiswahili iko mu Katiba sawa lugha ya taifa, lomba akusomee neno kwa neno. Mudogo alisema "alinipiga na mukaba akanifinya shingo", tunasomewa: dispute conjugale (ugomvi wa bwana na bibi). Maneno mbili, basi, sawa vile walikuwa banabishana juu ya chumvi. Tulikatala kutia sahihi. OPJ akakunja uso, akasema tunamuchelewesha, nikamuambia baba, sisi tuko tu hapa. Na kushitaki ni bure! Pale kwetu tuliombwa ya karatasi, ya biki, na ya "transport" ya kwenda kumukamata. Fasi sitaitaja. Nilitosha kaye yangu na biki mu sakosha nikaweka ku meza yake, tukaikala. Karibu masaa matatu tunaangaliana. Njo akaandika.

Sasa sikia hii muzuri, juu bamama wengi banaumiaka hapa. Ku polisi hawawezi kumushika kupita masaa 48, ni Katiba, artikle 18, na ni haki ya kila mutu, hata yake. Kama dosye haijapelekwa parke anatoka. Banakuambia "tumemufunga, rudia kwako ulale", na wewe unarudi na batoto, unaosha nyumba, Jumatatu alishikwa, Jumatano iko ku mulango na hasira pamoja na haya ya kulala chini. Ile masaa 48 si ya kupumzika, ni ya kuhama, na ya kukimbiza dosye ifike parke.

Parke ikimushikilia na zuzi akitaka kumuachilia kwa muda mbele ya kesi, pale njo kuko kipande chenye kinafanana na ile karatasi ya Zambia, na karibu hakuna mutu anakilomba. Artikle 32 ya Kode ya prosedire penal inaruhusu zuzi kumutilia masharti: asiende fasi fulani, ao asionekane pale saa fulani, asitoke mu muji, akuye kujionyesha mbele ya majistra siku zimepangwa. Mufano yenye sheria inatoa ni gare na porti, mambo ya wezi na wakimbizi wa kesi, lakini "fasi fulani" inaweza kuwa avenyu yako, masomo ya batoto, meza yako ku soko ya Kenya, ile ya hapa Lubumbashi. Zuzi hataiwaza peke yake. Andika barua, ao avoka aandike: akiachiliwa, nalomba akatazwe fasi hizi, na utaje moja moja na namba ya lupango. Akivunja anaweza kurudishwa ku prizo ya Kasapa. Ile karatasi inakufa siku kesi inaisha, haishike miaka, lakini ni sahihi ya zuzi, na polisi wa kartie banaogopaka sahihi ya zuzi kuliko machozi ya mama.

Kesi ya kupigwa inasikilizwa ku tribinali ya amani, ile tunaitaka tripaix, kwa sababu adhabu yake haipite miaka 5. Prokirere akilala juu ya dosye, unaweza kumuita bwana mu tribinali wewe mwenyewe kupitia wisye (mutu wa tribinali mwenye kupeleka barua za kuita bantu), banaiita citation directe. Na uingie sawa partie civile (mwenye kulomba alipwe hasara yake), uonyeshe resi za hospitali na kazi ulipoteza, juu zuzi anaweza kumulipisha.

Tukuye ku mbuzi.

Juma moja nyuma ya kushitaki, bakwe walifika. Mbuzi moja, kasye mbili za bia ya Simba, na baba mukwe ana koti. Walizungumuza vizuri, siwezi kukataa, baba mukwe alimukaripia mutoto wake mbele yetu mupaka nikataka kupiga makofi. Kisha wakatosha karatasi, tayari imeandikwa, wanaita "makubaliano ya amani", ndani kabisa chini mustari moja: mudogo anaondoa mashitaki yote. Mama yetu tayari alikuwa ameshika biki. Mimi sina shida na bakubwa kuikala, desturi yetu ni ya kuongea na iliponesha nyumba mingi, lakini kuikala ni kintu moja na kuondoa mashitaki ni ingine. Waombe msamaha, wakuye na mbuzi, mukule mbuzi, kesi iende. Kama kuko kuandika, muandike kile yeye anaahidi, ataikala wapi, atalisha batoto na ngapi kila mwezi, mashahidi pande zote, na avoka asome mbele ya sahihi. Tena ujue kupigwa si sawa uzinzi, parke inaweza kuendelea hata wewe ukiondoa, lakini ukweli ni kwamba ukiondoa dosye inaenda kulala mu kabati. Tulikula mbuzi. Karatasi ikabaki bila sahihi, na baba mukwe akaacha kasye moja haijafunguliwa, sijui kwa hasira ao kwa kusahau.

Kama hautaki tena kurudi mu ile nyumba, njia ni tripaix vilevile lakini upande wa famiye. Kode ya famiye ya 1987, yenye ilibadilishwa mu Julai 2016, inaruhusu bibi ao bwana kulomba talaka kama ndoa imevunjika kwa namna haiwezi tena kutengenezwa, na unapeleka ombi wewe mwenyewe kwa prezida wa tribinali, ambaye atajaribu kuwapatanisha kwanza. Usishangae kuona wanakuikalisha naye mu chumba kimoja, mjulishe prezida mbele kama unamuogopa na onyesha setifika. Wakati talaka inangoja lomba mesire provizware (amri za muda): kuikala mbalimbali, batoto wabaki na nani, chakula atatoa ngapi. Nani anabaki na batoto zuzi anaamua kwa faida ya mutoto, si kwa nani alilipa mali ya ndoa. Na ile hadisi ya "nyumba ni ya bwana" itoshe ku kichwa: kama hamukuchagua kitu siku ya ndoa ku eta sivil (biro ya kuandikisha ndoa), sheria inawaweka mu ushirika wa bile mulipata pamoja mu ndoa, na lupango hawezi kuuzisha bila wewe kukubali. Tangu 2016 hata ruhusa ya bwana ili bibi afungue biashara ao aende ku zuzi ilitoka.

Bale bengi hamukuandikisha ndoa, mali ililipwa ku famiye basi. Kwa kesi ya kupigwa haina neno, artikle 46 haiombe akte ya ndoa, hata mupenzi, hata mwenye muliachana. Kwa bintu na lupango njo inakuwa nzito, kwa hiyo kama bado munaelewana kidogo kaandikisheni. Na bababa wenye banapigwa, biko, ni artikle ile ile, kinachokosaka ni mwanaume wa kusema.

Avoka bila franga: baro (chama cha bavoka) iko na biro ya mashauri ya bure, uliza ku tribinali fasi beko. Enda na setifika ya umasikini yenye inatolewa ku komine, njo inakupunguzia ao inakuondolea malipo ya gishe. Ukipata avoka wa bure mupigie kila juma kwa heshima, juu eko na dosye mingi.

Kisha kuko siku ya kurudi kubeba bintu. Usiende peke yako, usiende na makaka tu, itakuwa vita. Tulilomba OPJ atusindikize, tukaandika orodha tukiwa kwangu: nguo za batoto, matandiko, masufuria saba, bulangeti ya bluu, mashini ya kushona. Ku mulango bwana akasema mashini haitoke, ni yeye alinunua. Mudogo akatosha resi, jina yake, tarehe mwaka mbili mbele ya ndoa. OPJ akaisoma mara mbili, akaangalia bwana, akamuambia ashike upande wa pili waibebe pamoja mupaka ku gari. Wakaibeba. Hawakusemeshana. Ile karatasi ya resi ilikuwa mu mukebe wa chumvi kwangu miaka yote ile, na leo mule muko kopi ya PV, setifika mbili, na barua ya parke yenye muhuri.